Mama Alikata Nywele Baba Akiwa Barabarani

Kama wewe ni wa rika langu na ulilelewa na mwanamke wa kuchana nywele nyumbani, sikio lako linaikumbuka harufu hii kabla ya pua. Ni harufu ya nywele zilizopitishwa chuma cha moto, ina mafuta ndani yake na kitu kidogo cha kuungua, na ikikujia unajikuta umelikunja sikio kwa kidole bila kuambiwa. Juzi ilinijia nikipita nyuma ya salon moja hapa Nakuru. Mlango ulikuwa umefunguliwa kutoa joto. Nilisimama pale hadi msichana wa ndani akaniuliza kama nimepotea. Nimeandika habari za watu wengine kwa miaka mingi, na hii ya kwetu sijawahi kuigusa, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni langu.

Tuliishi kwenye nyumba za reli, safu ndefu ya vyumba vya mawe vyenye bomba moja la maji mbele. Babu alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli akamwachia Baba nyumba na jina. Baba hakufuata reli, alifuata lori. Alibeba mizigo ya watu kutoka Mombasa hadi ng'ambo ya mpaka, na sisi tuliishi katikati ya safari zake. Akipita alilala usiku mmoja, Mama akamfulia, kisha akapanda tena kuelekea Salgaa na kwingineko. Watoto wa madereva tuliijua ile barabara kwa majina ya mahali tusipowahi kufika. Jina la Sachangwan, mteremko uliomeza malori mengi na madereva wake, watu wa kwetu walilitaja kwa sauti ya chini, na sisi watoto tuliiga hiyo sauti bila kufundishwa.

Desemba ya mwaka uliotangulia kisa hiki Babu alikufa, tukaenda kumzika nyumbani, kule magharibi. Siku chache baada ya mazishi wanawake wazee walikaa chini nyuma ya nyumba wakanyolewa. Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, alinyolewa wa kwanza. Niliona kichwa chake kikitokea kidogo kidogo, kidogo kuliko nilivyodhani, na masikio yakaonekana makubwa. Nilipouliza kwa nini, nilifukuzwa. Nikahifadhi nilichokiona: mtu wake akifa, mwanamke hunyolewa. Nilikuwa na miaka minane na nilipenda mambo yenye sababu moja.

Sasa nywele za Mama. Alikuwa akitia dawa ya kunyoosha tangu akiwa msichana. Kisha siku moja dawa ikamchoma nyuma ya sikio hadi ngozi ikabanduka, akasema basi. Kwa mwaka mmoja na zaidi hakutia chochote. Aliacha nywele zake mwenyewe ziote kutoka chini huku zile za dawa zikining'inia juu, akazificha kwa kuzifunga uzi mweusi. Nilizijua vizuri kwa sababu ni mimi niliyefungua nyuzi. Mahali nywele mbili zilipokutana palikuwa na kiungo, juu laini kama ndevu za mahindi, chini zimejikunja kama waya, na kila kitana kilipopita zilikatikia pale pale.

Ilikuwa msimu wa vumbi, Jumapili, baada ya kanisa. Nilirudi kutoka bombani na ndoo nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kioo kimeegemezwa ukutani, mkasi mkononi. Nywele zote za dawa zilikuwa chini. Zilizobaki kichwani zilikuwa fupi kama kiungo cha kidole changu cha kati. Masikio yake yalionekana makubwa.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akauliza.

"Hakuna."

"Nikoje?"

"Sawa," nikasema, nikaweka ndoo chini na kumwaga nusu.

Mama alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Niliamua kwamba anajikaza kwa ajili yangu. Tangu hapo nikaanza kukusanya ushahidi. Jumatatu alifua koti zito la Baba, akalikunja na kuliweka ndani ya sanduku. Jumanne alipoenda dukani nilichukua simu yake nikapiga nambari ya Baba, na mwanamke mwenye sauti safi akaniambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga mara tatu. Mara tatu yule mwanamke hakubadilisha neno. Nikahitimisha kwamba Baba amekufa, wamemzika huko alikofia, na sisi watoto tutaambiwa tukiwa wakubwa. Mwandishi mzuri angeuliza kaburi liko wapi. Mimi sikuuliza mtu, niliacha tu kula.

Aliyenigundua ni Mama Beryl, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye huruma na sauti. Jumatano mchana aliniita anipe mandazi nikakataa. Hakuna mtoto aliyewahi kukataa mandazi ya Mama Beryl.

"Nafula, una nini?"

"Baba alikufa."

"Ati?"

"Mama amenyolewa."

Akashika kifua. Yeye pia alikuwa amekiona kile kichwa tangu Jumapili, na kwao pia wajane hunyolewa. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuuliza. Mimi nikampa jibu kabla ya swali.

Jioni ile Mama alikuwa nyuma ya nyumba, jiko la makaa mbele yake, anajaribu kwa mara ya kwanza kunyoosha zile nywele fupi kwa kitana cha chuma. Alikuwa ameziosha, zimekauka, amezigawa mafungu manne. Ndipo tukasikia kilio. Kilianzia mbele, karibu na bomba, kikazunguka nyumba, na wanawake kama saba wakatokea kwenye kona wakiwa na leso viunoni, thamosi za chai na paketi za sukari. Mama Beryl alikuwa mbele.

"Woi, Mama Nafula! Woi! Hii barabara imetumaliza!"

Mama akasimama. "Nani amekufa?"

"Usijikaze, mama. Lia tu. Sisi tuko hapa."

"Mama Beryl, nakuuliza, nani amekufa?"

"Si ni baba ya watoto."

Mama akacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kiliisha katikati. "Baba Nafula? Si aliniongelesha Jumapili akiwa Salgaa."

"Leo ni Jumatano," mwanamke mmoja akasema polepole.

Mama akachukua simu. Mkono mwingine, bila kuangalia, ukatoa kitana kwenye makaa, kwa sababu mikono ina tabia zake. Alikuwa anasikiliza simu na wakati huo huo akapitisha kitana mbele ya kichwa, na mimi nilisikia vyote viwili: yule mwanamke mwenye sauti safi akisema mteja hapatikani, na nywele zikichemka. Moshi ulipanda. Mama akakitupa kitana kwenye mchanga. Kishungi chote cha mbele kilikuwa kimegeuka rangi ya kutu na kukatika mkononi mwake.

Akapiga tena, kisha mara nyingine. Uso wake ulianza kufanana na nyuso za wale wanawake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakuwa amejua lolote, na kwamba sasa anaogopa kwa sababu yangu.

"Lakini kama hajafa," Mama Beryl akauliza, na nafikiri aliuliza kwa nia njema kabisa, "mbona ulijinyoa?"

"Nilijikata nywele," Mama akasema. "Sijanyolewa. Nilijikata."

Wakaangaliana. Hawakuondoka, ila waliacha kulia, wakamimina ile chai wakainywa wenyewe.

Simu ya Baba ilifunguka Ijumaa asubuhi. Alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani, simu iliisha chaji akakosa pa kuichaji. Mama alipomsikia alikaa chini sakafuni. Kisha nikasikia sauti ya Baba kutoka upande ule, kubwa na yenye usingizi: "Kwani nani anasema nimekufa?"

Mama akageuka kuniangalia. Nilisema yote, koti, simu, Kukhu wa Desemba, na nikangoja kuchapwa. Hakunichapa. Aliinuka, akaenda nje akawasha jiko.

"Kuja hapa," akasema. "Umetangaza kitu hujui. Sasa utakijua."

Ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ilichukua miezi. Nilifundishwa nywele fupi kama wengine wanavyofundishwa hesabu. Chuma kikitoka motoni, hakigusi kichwa cha mtu kabla hakijagusa gazeti. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, ngoja, uhesabu ishirini, ujaribu tena. Ikibaki kama ilivyo, pitisha, mara moja tu, usirudie. Nywele zenye unyevu zikikutana na moto zinachemka kwa ndani, kwa hiyo kausha kwanza. Mafuta hutangulii nayo, ukitangulia nayo unakaanga. Unaweka kidogo mwishoni, ya mnyonyo kwenye ncha. Moto mara moja kwa mwezi, si zaidi. Wiki nyingine zote ni maji, parachichi lililopondwa likakosa punje, na uzi usiku ili asubuhi zisiwe zimejibana. Mama hakuwa amefundishwa haya na mtu. Aliyapata kwa kuunguza, na alinionyesha mahali alipounguza.

Kishungi cha mbele alikikata hadi kwenye ngozi. "Hizo zimekufa," akasema. "Hizo ndizo za kuzika."

Kukhu alifika Jumamosi, kesho yake baada ya ile simu ya Baba. Habari ilikuwa imefika kwao kwa sehemu mbili, kwanza kwamba mwanawe amekufa, kisha kwamba hajafa ila mkewe amejinyoa, na nafikiri ya pili ilimkasirisha zaidi. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeota kidogo tangu Desemba, nyeupe. Hakutoa kitambaa kichwani, hakukubali chai. Alitoa mfuko wa karatasi na ndani yake mlikuwa na wigi, jeusi, linalong'aa, linanuka plastiki.

"Vaa," akamwambia Mama.

"Mama, karibu kwanza. Ukae."

"Nitakaa ukivaa. Mke wangu," ndivyo alivyomwita Mama akiwa na hasira, "kwetu kichwa cha mwanamke kinanyolewa akizika bwana. Wewe umeanza na kunyoa. Unataka kifuate nini?"

"Nywele zangu hazijazika mtu, Mama."

"Mtoto wangu yuko kwa barabara!"

"Ni bwana yangu pia. Niko na yeye kwa hiyo barabara kila siku."

Wigi lilibaki mezani. Liliishi pale kama mgeni wa pili, tukala chakula tukilizunguka.

Baba akarudi Jumanne, vumbi hadi kwenye kope. Alisimama mlangoni akamwangalia Mama, akamgusa kichwa kwa kiganja kama mtu anayepima kama ukuta umekauka.

"Unakaa kama mtoto wa shule," akasema.

"Hiyo ni matusi ama ni sifa?"

"Bado sijajua." Akacheka. Lakini baada ya kula, Kukhu akiwa amelala kitandani mwetu na mimi nikijifanya nimelala kwenye kochi, nilimsikia akiongea kwa ile sauti ya chini ya Sachangwan.

"Mimi si mtu wa mila, unajua. Lakini wenzangu wamesikia. Kijana mmoja, turnboy wa kupakia mizigo kwa lori ya mwenzangu, aliniuliza hapo Salgaa kama ni kweli mke wangu amenililia nikiwa hai. Sasa nikishika usukani nafikiria hiyo. Funika tu kichwa nikiwa safari. Nikirudi unatoa."

Nilisikia Mama akikusanya sahani, nikadhani amekubali.

"Nikifunika, ukarudi salama," akasema, "itakuwa kitambaa ndicho kilikurudisha. Sasa safari ingine nitakitoa vipi? Nani ataniambia nitoe? Nitazeeka nacho. Na huyu," najua alinielekeza kidole, ingawa macho yangu yalikuwa yamefumbwa, "ataolewa nacho. Wewe angalia breki zako. Mimi naombea breki. Siwezi kuombea kitambaa."

Nilisikia Baba akizima taa. Lakini hakusema sawa.

Ikaamuliwa pawe na maombi ya shukrani nyumbani, Jumamosi, kwa sababu jirani walikuwa wamelia bure na lazima wapewe kitu cha kuelewa. Kukhu akapanga maelezo. Eti Mama alikuwa na mashilingi kichwani, yale mabaka ya watoto, daktari akasema akate. Ni ugonjwa, si laana, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeeneza habari, mimi ndiye nitakayesimama kuirekebisha. Alinikalisha kwenye kigoda nje akanikaririsha.

"Mama yako alikuwa na nini?"

"Mashilingi."

"Nani alisema akate?"

"Daktari."

"Sauti!"

"Daktari!"

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama amewasha jiko. Aliniita nishike gazeti. Alinyoosha kichwa chote, polepole, fungu baada ya fungu, hadi nywele zilizokuwa kiungo cha kidole zikafika kwenye ncha ya sikio, akazilaza kuziba mahali palipokatwa. Kukhu alipita akaona. Hakusema kitu, ila alilichukua lile wigi mezani akalirudisha mfukoni, na kwa mara ya kwanza akaomba chai. Mimi nilikunja lile gazeti nikataka kulia. Mama ameshindwa, nikajiambia. Amefanya nywele zionekane kama zile alizozitupa.

"Kukhu amekufundisha kitu cha kusema," Mama akaniambia, akipaka mafuta kwenye ncha. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

"Hapana."

"Basi unajua kazi yako," akasema, akaniachia hapo. Hakuniambia kazi yangu ni ipi.

Walikuja wote, wale wanawake saba na waume zao na mchungaji wa kanisa letu. Walikaa hadi mlangoni. Baba alikaa karibu na dirisha kama mtu anayeangalia lori lake lisiibiwe. Baada ya wimbo na sala ndefu, Kukhu akaninyanyua kwa mkono.

"Huyu mtoto yuko na neno."

Nilisimama. Nyuso zote zilikuwa laini, tayari kunisamehe. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja la ugonjwa na kila mtu angepumua, Kukhu angekula, Baba angeendesha. Mama alikuwa mlango wa jikoni, ameegemea, mikono imefungwa kifuani, nywele zimelala vizuri. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa.

"Mimi ndiye nilisema Baba amekufa," nikaanza. "Sikuuliza mtu. Nilikosea."

"Na Mama yako alikuwa na nini?" Kukhu akasaidia.

"Hakuwa na kitu."

"Nafula."

"Hakuwa na mashilingi. Hakuna daktari. Alikata kwa sababu alitaka."

Mama Beryl akasema "Ai" kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. Kukhu akamgeukia Mama. "Umemfundisha huyu mtoto kuniaibisha mbele ya watu."

"Sijamfundisha," Mama akasema. "Mimi nimemwambia tu ajaribu kwanza kwa gazeti, kabla ya kugusa kichwa cha mtu."

Kisha akatoka nje. Tukasikia bomba likifunguliwa. Wale wa mlangoni walisimama, na wengine wakasimama kuona wanachoona, hadi sebule yote ikahamia kwenye kizingiti. Mama alikuwa ameinama, kichwa chini ya maji, vidole vinapita ndani ya nywele. Kazi ya asubuhi nzima. Alipoinuka, zile nywele zilikuwa zimeanza kupanda, na tulizitazama zikipanda, fungu kwa fungu, zikijikunja zenyewe hadi zikarudi urefu wa kiungo cha kidole, na pale mbele pengo la ngozi likaonekana kwa kila mtu. Maji yalimtiririka shingoni yakalowesha kola ya nguo ya kanisani.

"Zilikuwa zimelala kwa heshima ya wageni," akasema. "Lakini hizi ndizo zangu. Nimezikata nikiwa na bwana hai, mwenye afya, ameketi pale. Karibuni chakula."

Watu walikula. Njaa ni njaa. Kukhu hakula, na Jumatatu alirudi nyumbani bila kutuaga, na wigi lake. Kwa miaka mingi alimsalimia Mama kwa kumtazama begani. Sitawaambia kwamba walipatana.

Baba aliondoka Jumapili ile, kesho yake ya maombi. Alichelewa, akazunguka lori mara mbili akigonga magurudumu, akafungua boneti akaifunga. Mama alimsindikiza hadi barabarani, kichwa wazi, na wale wanawake wakiangalia kutoka bombani. Baba alimtazama kwa muda, akapanda. Nilidhani angesema kitu kuhusu kitambaa. Alisema tu, "Breki nimeangalia."

Alienda akarudi. Akaenda tena, akarudi tena, na kila mara alimkuta vile vile. Mimi, ambaye husema nilisimama upande wa Mama, nilihesabu siku za kila safari kwa vidole nikiwa darasani, na kila simu yake ilipokosa kupatikana nilianza kuhesabu upya. Niliogopa hadi nikawa mtu mzima. Lakini sikumwomba Mama hata siku moja afunike kichwa.